Kaimu na Viti vya Jumanne

Kuna watu wanapewa cheo, halafu kuna watu wanaokishikilia tu mpaka mwenyewe apatikane. Yeye alikuwa wa kundi la pili, na alikishikilia muda mrefu mpaka kukaimu kukageuka jina. Wanafunzi walimwita Mama Kaimu. Wahasibu walimwita Kaimu. Mlinzi wa getini alimwita Madam Kaimu na kumpigia saluti ambayo mpaka leo haijulikani kama ni ya heshima au ya kejeli. Hata mama mkwe wake, ambaye hajawahi kukanyaga chuoni, kila akija kuwatembelea alimuuliza, "Mwanangu, bado unakaimu?" kwa sauti ile ile ya kumuulizia mtu aliyelazwa.

Alichokuwa anakaimu ni ukuu wa Kitengo cha Huduma na Ushirikishwaji wa Wanafunzi. Ukisikia ofisi ina jina refu namna hiyo, ujue yenyewe ni ndogo. Ilikuwa vyumba viwili mwisho wa korido, mbele kidogo ya vyoo, kiasi kwamba nusu ya waliobisha hodi walikuwa wamepitiliza. Ndani mlikuwa na feni moja iliyozunguka ikijisikia, kabati lisilofunga, na kochi la wageni lililobonyea katikati, ukikaa lazima uvutwe mkono ndipo uinuke. Kazi ya kitengo, kwa lugha ya chuo, ilikuwa kumfanya mwanafunzi ajione sehemu ya jumuiya. Kwa lugha yetu sisi wengine, ni kuhakikisha mtoto wa watu hafungashi virago akarudi kwao kabla ya mitihani.

Nyumbani hakuna aliyeielewa kazi hiyo. Mwaka ule alipoajiriwa, mama yake mzazi alimkalisha chini.

"Unafundisha somo gani?"

"Sifundishi, mama."

"Basi unawapikia?"

"Siwapikii. Nakaa nao, naongea nao, nawasikiliza."

Mama aliendelea kuchambua mchele wake, kisha akauliza, "Na hao wakubwa wa chuo wanajua kwamba ndicho unachokifanya?" Hakuwa anatania. Alikuwa na hofu kwamba binti yake atakuja kugundulika.

Lakini alianza kazi na moto wake. Alikuwa na shahada ya saikolojia, alikuwa ameshahudhuria semina, na aliamini kwamba tatizo likitajwa kwa jina lake limeshaanza kupona. Kwa hiyo katika muhula wake wa kwanza alitundika bango mlangoni pa ukumbi, kwa herufi kubwa nyekundu: MKUTANO WA WANAFUNZI WANAOSUMBULIWA NA UPWEKE, WOTE MNAKARIBISHWA. Ukumbi wenyewe unatazamana na kantini, na mkutano aliuweka saa ya chakula cha mchana ili kila mtu apate nafasi. Sasa wewe niambie, ni nani mwenye akili zake timamu atakayekatiza uwanja mchana kweupe, darasa zima linamtazama na vijiko mdomoni, aende kuingia chini ya bango hilo? Walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa mlinzi, aliyesikia kuna biskuti. Mwingine alikuwa anatafuta choo.

Biskuti zilizobaki alizila yeye mpaka akazichukia. Mkuu wake wa wakati huo, mzee mpole aliyekuwa akihesabu siku za kustaafu, aliandika kwenye ripoti kwamba mwitikio ulikuwa wa wastani.

Viti alivigundua kwa hasira. Ilikuwa Jumanne, ana mkutano mwingine ambao alijua fika hautapata watu, na mtunza ukumbi hakutokea. Viti vyote vilikuwa stoo, nyuma ya jengo, na stoo ile ina kizingiti kilichoinuka, kilichowekwa na fundi ambaye nadhani alikuwa na ugomvi na miguu ya binadamu. Alijikwaa, kiatu kikakatika kisigino, akatukana. Akaanza kubeba viti vya plastiki viwili viwili huku akichechemea. Pale kwenye ubao wa matangazo alikuwa amesimama binti mmoja mwenye miwani mizito, anasoma kwa makini tangazo la uchaguzi uliokwisha mwaka uliopita. Mtu anayesoma tangazo la aina hiyo hasomi, anatafuta mahali pa kuyaweka macho.

"Binti, hebu nisaidie hivi viti."

Binti alikuja mara moja. Kijana mmoja aliyekuwa anapita akaona wanawake wawili wanahangaika, akaona haya, akabeba na yeye. Wakatokea wengine wawili. Na katikati ya shughuli hiyo, yule binti akiwa amebeba viti vimemziba uso wote, akasema, "Mimi tangu Ijumaa sijaongea na mtu." Alilisema hilo kama anavyosema mtu kuwa leo kuna mawingu.

Kwa mafunzo aliyopewa, hapo Kaimu alitakiwa asimame, amtazame machoni, atikise kichwa taratibu, na amuulize hilo linamfanya ajisikieje. Bahati nzuri, mikono ilikuwa imejaa. "Enhe," alisema. "Angalia kizingiti." Na binti akaendelea. Alieleza kila kitu, safari baada ya safari, kati ya stoo na ukumbi: chumba anachokaa na wenzake wanaojuana tangu sekondari, darasa ambalo akiingia hakuna anayemsogezea mkoba apate kukaa, simu anazopiga kwao kudanganya kwamba mambo ni mazuri. Hakuna aliyemkodolea macho. Hakuna aliyemwonea huruma. Aliitwa kwa sababu palikuwa na viti na yeye ana mikono, basi.

Mkutano wenyewe haukufanyika. Walikaa, wakanywa chai, wakacheka kuhusu kile kisigino, wakarudisha viti stoo. Jumanne iliyofuata yule binti alikuja mwenyewe akauliza, "Leo hatubebi?" Kaimu, ambaye hakuwa na mkutano wowote siku hiyo, alifikiri kidogo tu kisha akamwambia tunabeba.

Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyoendelea miaka nenda miaka rudi. Kila Jumanne mchana viti vinatolewa stoo vinaingizwa ukumbini, watu wanakaa, wanakunywa chai, kisha vinarudi vilikotoka. Mgeni akiuliza mkutano ni wa nini, wenyeji wanamwambia kwa uso mkavu kwamba utaanza sasa hivi. Hauanzi. Katika ripoti Kaimu aliandika kwamba kitengo kinaendelea na maandalizi ya mkutano wa ushirikishwaji, na huko juu hakuna hata mmoja aliyeshangaa, kwa sababu chuoni pale kuandaa mkutano kwa miaka halikuwa jambo geni.

Mzee alipostaafu, Kaimu aliambiwa ashikilie ofisi kwa muda mfupi wakati mchakato unaendelea. Mchakato ukaendelea. Ukaendelea tena. Watoto wake wakamaliza shule ya msingi mchakato unaendelea. Mume wake, fundi wa majokofu na mtu wa utani, alikuwa akirudi na jokofu la mteja limemshinda anasema, "Hili nalo linakaimu."

Na hapa tusizungukane: aliutaka ukuu ule. Wako watu watakuambia wao vyeo havina maana, wanafanya kazi kwa moyo. Yeye moyo alikuwa nao na cheo alikitaka. Kila alipotia saini alilazimika kuandika kwanza "kwa niaba ya", na hakukuwa na mtu wa kumfanyia niaba, ni kiti kitupu tu. Kwenye vikao alipewa nafasi mlangoni, karibu na birika. Alishachoka. Alitaka, kabla mama yake hajazidiwa na uzee, amwambie kwamba sasa wakubwa wanajua, na wamesema ndiyo.

Basi bwana, siku ikafika, nafasi ikatangazwa. Mwisho wakabaki wawili: yeye, na bwana mmoja kutoka chuo kingine aliyekuja na kompyuta yake mwenyewe. Bwana huyo aliionyesha kamati ya ajira picha za maduara ya rangi, duara ndani ya duara, mwanafunzi akiwa nukta katikati. Kamati ikafurahi sana. Kaimu alipohadithiwa alimwita Duara, na jina likamganda kabla hajaajiriwa. Yeye Kaimu hakuwa na maduara, kwa hiyo kamati ikasema itakuja kuona kazi yake kwa macho, Jumanne, ukumbini. Ingeongozwa na Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, cheo ambacho ndani yake mna unaibu, umakamu na ukuu, usijue umsalimie yupi.

Sasa, Jumanne moja kabla ya hiyo ya wageni, palikuwa na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza waliyemwita Ngazi. Mrefu, anainama milangoni kwa mazoea hata pale mlango unapomtosha. Anabeba rundo la viti ambalo wenzake wangeligawana. Kuongea alikuwa haongei kabisa. Siku hiyo, wakirudisha viti stoo, uso umezibwa na migongo ya viti, alisema, "Mama, nimeshafunga begi. Jumanne ijayo ukiniona, nimebaki. Usiponiona, nimeondoka."

"Enhe," alisema Kaimu. "Angalia kizingiti."

Ungedhani mtu aliyeambiwa hivyo atajua la kufanya. Wapi. Wiki ile akili yake ilikuwa kwa wageni. Alijiona anampokea Naibu Makamu Mkuu wa Chuo huku viti viko juu ya vichwa vya watu, na aibu ikamshika. Akaita wapambaji, wale wa maharusi. Wakaja asubuhi na mapema, wakapanga viti vyote kwa mistari iliyonyooka, wakavivika vitambaa vyeupe, kila kimoja na utepe wa dhahabu umefungwa fundo kubwa mgongoni. Wakaweka meza kuu. Wakaweka kipaza sauti. Kaimu akasimama katikati kwa suti mpya ya bluu, akaona ukumbi haujawahi kupendeza hivyo tangu ujengwe. Na kweli, ulipendeza.

Kamati ilifika, ikaketi mbele. Saa ya kawaida ikafika. Wanafunzi wakaanza kuja, mmoja mmoja kama walivyozoea, kupitia stoo kwanza. Stoo tupu. Wakaja mlangoni pa ukumbi, wakachungulia, wakaona vitambaa vyeupe.

"Samahani," alisema mmoja, "tulidhani leo ni Jumanne."

"Ni Jumanne. Ingieni mkae."

"Aa, hapana mama, sisi tutarudi." Akaondoka na wenzake kwa adabu zote. Wengine wawili walinong'onezana kwamba kuna harusi, wakageuka. Binti mmoja aliingia hadi mstari wa pili, akatazama huku na huku, mikono haina pa kwenda, akachukua simu akajifanya ameitwa. Kamati ilikuwa mbele, imewapa migongo wanaoingia. Naibu Makamu Mkuu wa Chuo akatazama saa. Kaimu alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ndipo Ngazi akatokea. Alisimama mlangoni, ameinama, begi mgongoni. Akavitazama vile viti vilivyovalishwa kama maharusi, akatazama mikono yake.

"Hakuna cha kubeba?" aliuliza.

Kaimu alifungua mdomo amwambie karibu, kaa, na akajiona mwenyewe, miaka ile, chini ya bango lake jekundu. Ni bango lile lile, tofauti ni kwamba safari hii amelishonea utepe. Ngazi alisema, "Haya mama," akageuka. Alikuwa na hatua ndefu yule kijana. Ukimwacha kidogo tu yuko getini.

Kilichomjia Kaimu mbele ya macho ni ile saini yake, safi, bila niaba ya mtu. Alikuwa na sekunde ya kuitazama, akaitazama vizuri.

"Wee Ngazi!" aliita. "Viti vimekosewa. Vyote vinatakiwa stoo."

Akaanza na yeye mwenyewe. Alivua koti la suti, akafungua fundo la kiti cha kwanza, fundo likagoma, akalivuta kwa meno. Ngazi alisimama, akaona mtu mzima anang'ata utepe, akaweka begi chini. Akabeba mstari wa nyuma wote. Wale waliokuwa wameambizana ni harusi walimwona anapita uwanjani na viti vyeupe, mikia ya dhahabu inapepea nyuma yake, wakamfuata kuuliza kulikoni, wakapewa viti. Kantini ikamwagika. Mara ukumbi umejaa watu, kelele, vitambaa, mtu kafunga utepe kichwani, mwingine kajivika kitambaa kama mgonjwa anayepelekwa upasuaji. Hata yule binti wa simu alirudi, akasahau kuwa ameitwa.

Naibu Makamu Mkuu wa Chuo alisimama aulize jambo. Kusimama tu, Ngazi kapita nyuma yake kakiondoa kiti. Hakumjua ni nani, na hata angemjua, kiti ni kiti.

"Shughuli inaanza saa ngapi?" aliuliza mheshimiwa, amesimama katikati ya ukumbi unaoishiwa viti.

"Ndiyo hii, mheshimiwa," alisema Kaimu, jasho linamtiririka.

"Hii ni kuhamisha viti."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Vinahamishiwa wapi?"

"Stoo."

"Halafu?"

Kaimu angeweza kumweleza. Maneno alikuwa nayo, angeweza hata kumchorea duara. Lakini Ngazi alikuwa anarudi kuchukua viti vingine, anaongea na kijana mwenzake, na mtu ambaye muhula mzima hajaongea na wenzake huwezi kumkatiza kwa hotuba. "Halafu vinarudi," alisema. Mheshimiwa aliitazama kamati yake, kamati ikamtazama mheshimiwa, wakaondoka wakiruka vitambaa.

Nafasi alipewa Duara. Nani asingempa?

Kaimu alilia, nyumbani, jikoni, ametia kichwa ndani ya jokofu la mteja kwa kisingizio cha kutafuta maji. Mume wake alimwacha alie, akasema jokofu lenyewe halipozi lakini anaweza kukaa humo anavyotaka. Mama mkwe alipopiga simu kuuliza habari ya kukaimu, aliambiwa kwamba sasa hata kukaimu kumekwisha. Akasema, "Pole mwanangu. Angalau umepona." Jina hata hivyo halikumtoka. Chuoni wakaendelea kumwita Kaimu, na mlinzi akaendelea na saluti yake.

Alijipanga kumchukia Duara, na hilo alilipania kuliko alivyopania mahojiano. Siku Duara alipohamia, Kaimu alikusanya vitu vyake akarudi chumba cha nje, chenye kochi lililobonyea, akaamua kumjibu kwa "sawa" na "nimeelewa" mpaka mmoja wao astaafu. Duara alikuwa mtu wa nidhamu, alisalimia, akafunga mlango, akawasha kompyuta. Mchana alikula peke yake huko ndani. Kaimu alisikia kijiko kinagonga bakuli, akajiambia hayo hayamhusu.

Jumanne ikafika. Kaimu alikuwa ametoka stoo na rundo mikononi, wanafunzi wako mbele na nyuma, alipomwona Duara amesimama pale kwenye ubao wa matangazo. Alikuwa na tai na kitambulisho kipya shingoni. Alikuwa anasoma kwa makini sana tangazo la uchaguzi wa mwaka uliopita.

Kaimu alimpita. Tuseme ukweli, alimpita, na moyoni alimwambia neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Alifika ukumbini, akashusha viti, akarudi. Duara bado alikuwa anasoma. Tangazo lenyewe lilikuwa na mistari minne.

"Bosi," alisema Kaimu. "Hebu shika hivi viti."

Duara aligeuka upesi, kama mtu aliyesubiri kuitwa. Akaegemeza kompyuta yake ukutani, akavipokea, vikamzidi, vikamfunika uso wote. "Kuna mkutano?" aliuliza kutoka nyuma ya plastiki. "Mkutano wa nini?"

Ngazi alikuwa anapita na rundo lake, ameinama. "Utaanza sasa hivi," alisema, kwa uso mkavu, wala hakugeuka.

Wakaenda hivyo, Duara mbele anapapasa kwa miguu, Kaimu nyuma. Viti vikaingia, watu wakakaa, chai ikanywewa, Duara akakaa pembeni na kikombe chake akiuliza hili na lile. Wakati wa kurudisha alibeba tena bila kuombwa. Walipokaribia stoo, uso wake umezibwa na migongo ya viti, alisema, "Tangu nihamie hapa, sijakaa mezani na mtu kula."

Kaimu alivikumbatia vyake vizuri.

"Enhe," alisema. "Angalia kizingiti."